Uwanja Tuliofagia

"Huu uwanja ni wa kazi gani?"

Mpimaji wa ardhi aliuliza akinitazama mimi, si bibi yangu, kwa sababu nilikuwa nimejitambulisha kwa Kiswahili cha chuo kikuu.

Ukiwa kwenye barabara kuu ya Isiolo huwezi kujua kwamba uwanja huo upo. Kuna malori ya Moyale, bodaboda, akina mama wa miraa, spika ya duka la simu. Unaingia uchochoro ulio kati ya duka la magodoro na kibanda cha fundi cherehani, unakata kona moja, na kelele zinabaki nyuma. Mbele yako, siku hizo, kulikuwa na udongo mtupu uliofagiliwa, miarobaini miwili, na nyumba kumi na moja za mawe na mabati zilizojengwa na askari Wasomali waliostaafu kutoka jeshi la mkoloni. Yetu ilikuwa ya nne. "Sisi ni watoto wa askari," ayeyo, yaani bibi yangu, alitufundisha kusema hivyo kabla hatujajua kuhesabu.

Kila nyumba ilifagia kipande chake, kuanzia mlangoni hadi katikati. Jua likizama, hakuna kitu kilichoruhusiwa kubaki pale, si mkokoteni, si mtungi. Niliuliza kwa nini. "Ndivyo ilivyo," ayeyo alisema. Niliuliza pia kuhusu fungu la fito zilizopinda kama mbavu za ngamia, lililofungwa kwa kamba za ngozi na kuwekwa stoo. Hata kuni zilipokosekana, fito hizo hazikuguswa. "Wacha fito zangu." Nikaamua kwamba watu wetu wanatunza mambo wasiyoyaelewa, na chuo kilinizidishia imani hiyo, kama ilikuwa imani.

Kisha ikaja habari kwamba ardhi isiyo na kazi mjini itagawanywa iwe vibanda vya soko. Ayeyo alinipigia simu Nairobi. "Njoo. Umesoma, utatusemea."

Mpimaji alifika asubuhi na faili yenye safu ya majina ya wenyeji wa kila nyumba. "Habari zenu, akina mama."

"Hapa mlango unafunguliwa kwa salaam aleikum," jirani yetu, muuza maziwa ya ngamia, alimtania. "Lakini ingia tu, tutakusamehe."

Ndipo akauliza swali lake. Kabla sijafungua mdomo, jirani alijibu, "Makaburi. Babu zetu wamelala hapo katikati."

Mpimaji alinigeukia. "Ni kweli, dada?"

"Sijui. Sijawahi kuona kaburi hapa."

"Hujaona!" Jirani alipiga makofi mara moja. "Na figo zako, umeziona? Walahi, msichana akisomeshwa sana anakuwa shahidi wa adui."

Watu walicheka, na mpimaji naye. Ayeyo hakucheka. Nilimwambia, "Sema wewe. Umekaa hapa kuliko sisi wote." Alifungua mdomo, akaitazama ile safu ya majina, akaufunga.

"Mimi nafagia tu," alisema.

Mpimaji aliandika neno moja: wazi.

Jioni ile nilijitetea bila kuulizwa. Nilisema singeweza kudanganya, kwamba uongo mdogo leo unazaa mkubwa kesho, na mengine ya namna hiyo. Ayeyo alikuwa akipika anjera, chapati zetu laini, kwenye kikaango.

"Sikukutuma udanganye," alisema. "Nilitaka ungoje kidogo."

Ningoje nini? Sikumuuliza. Mimi ninayeuliza kila kitu.

Vibanda vilijengwa. Kilichobaki ni ukanda mwembamba mbele ya milango, na ayeyo aliendelea kuufagia hadi mahali ufagio ulipogonga mabati ya watu wengine. Alipofariki, nilikuwa sijamwomba radhi. Nilikuwa bado natafuta kama kulikuwa na kosa.

Mwezi uliopita nilirudi kusafisha stoo. Nilizitoa fito nje nikitaka kuzitupa, na jirani akaja mbio na galoni la maziwa mkononi.

"Unajua hizo ni za nini?"

"Ndivyo ilivyo," nilisema kwa uchungu.

Aliketi kizingitini. Fito zile ni za nyumba ya mikeka, ile inayobebwa juu ya ngamia. Askari walipojenga hapa walikuwa na jamaa malishoni, na ukame ulipozidi jamaa hao walikuja na nyumba zao, wakazisimamisha katikati ya uwanja mpaka mvua irudi. Ndiyo maana palifagiliwa, na ndiyo maana hakuna kitu kilichoachwa pale usiku: mgeni hana saa.

"Basi kwa nini ulisema makaburi?"

"Ili ayeyo wako asilazimike kusema. Siku ya kuandika wenyeji, nani ataanza kusema alikuja kama mgeni?"

Nilidhani ananichezea. Akanionyesha jinsi fito zinavyoingiana, moja juu ya nyingine, bila msumari.

Ayeyo hakuwa mtoto wa askari. Mama yake alitoka Sericho wakati wa ukame, akiwa mjamzito, akasimamisha fito hizo katikati ya uwanja na kumzalia humo, pale panapouzwa sasa viatu vya plastiki.