Lipstiki ya Senje na Kitako cha Bunduki

Siku ya wazazi kututembelea shuleni, bweni letu lote hunuka lipstiki. Hairuhusiwi, ndiyo maana kila mtu anayo. Wasichana hupanga foleni mbele ya kipande cha kioo, na ile harufu hupanda hadi kwenye vitanda vya juu, harufu ya mshumaa uliomeza peremende. Wenzangu wakiinusa huwaza mambo yao, ambayo siwezi kuyaandika hapa kwa sababu matroni anajua kusoma. Mimi huwaza bunduki. Ngoja kwanza, msinicheke, nitaeleza.

Baba yangu ni fundi wa mbao, na banda lake liko nyuma ya nyumba yetu, kando kabisa ya msitu wa Kakamega, mahali ambapo nyani huvuna mahindi yako kabla yako. Kabla ya kumwoa Mama alikuwa jeshini, kwenye karakana ya silaha, kazi yake kuchonga vitako vya bunduki. Aliporudi nyumbani akageukia vitanda na majeneza. Alipenda kusema kwamba mteja wa jeneza ndiye mteja mzuri, hajawahi kurudi kulalamika.

Nilikuwa darasa la tatu wakati askari wa msitu, Afande Shikuku, alipotumwa kwetu na mkubwa wake. Alikuja na bunduki ya zamani, ya kitako cha mbao, na kitako chenyewe kilikuwa kimepasuka kutoka mwanzo hadi mwisho kama mdomo wa mtu anayecheka. Risasi zilibaki kambini. Lakini bunduki yenyewe, hata bila risasi, ilikuwa na sheria: haiachwi na askari wake hata kidogo. Basi Afande akaketi bandani kwetu kama bibi harusi. Alikula obusuma, ugali wetu, pale pale, akasinzia pale pale. Akishikwa na haja, alibeba chuma chote akaenda nacho choo, na Baba akabaki amesimama, patasi hewani, akingoja chuma kimalize shughuli zake.

"Afande, hicho chuma nacho kinahara?" Baba alimuuliza siku moja.

"Fundi, mimi nafuatanga amri tu. Wewe chonga."

Na huko kuchonga kitako kipya ndiko kulikonifanya nisichezee mbali. Nilidhani mtu huchimba shimo kwenye mbao, anatumbukiza chuma, basi. Kumbe sivyo. Baba alikipaka chuma rangi, akakilaza kwenye mfereji aliouchimba, akakigonga taratibu kwa nyundo ya mbao, halafu akakitoa. Pale ambapo mbao iligusana na chuma, rangi ilibaki. Hapo ndipo alipokwangua, kidogo, unga tu. Kisha anapaka tena, analaza, anagonga, anatoa. Mbao na chuma vilikuwa vikisemezana, na rangi ndiyo ilikuwa mkalimani.

Taabu ilikuwa kumpata mkalimani mwaminifu.

Jeshini walitumia masizi ya koroboi yaliyochanganywa na mafuta. Lakini kwetu taa za sola zilikuwa zimeshaingia kila nyumba, na koroboi ya mwisho nilikuwa nimeifanya gari. Baba akakwangua masizi ya sufuria. Yakawa na chenga kama mchanga, na isitoshe mbao yetu ilikuwa mvule nyeusi-nyeusi, alama zenyewe hazikuonekana. Polishi ya viatu, hivyo hivyo, giza juu ya giza. Nikaleta chaki kutoka shuleni. Ilimwagika kwa pigo la kwanza, Afande akapiga chafya hadi kofia ikaanguka. Nikaleta buluu ya kufulia. Hiyo ndiyo ilitutia hofu, maana ililowa na kukimbia kwenye nyuzi za mbao kama maji kwenye matuta, na ikabidi Baba aipige msasa haraka kabla haijazama.

Hofu hiyo haikuwa mchezo. Ile mbao ya mvule ilikuwa kizingiti cha juu cha mlango wa nyumba ya marehemu kuka, babu yangu, imekaukia moshini tangu Baba akiwa mtoto. Mbao mbichi ikikauka hujikunja, kwa hiyo haifai kushika bunduki. Na kizingiti kilitosha kitako kimoja tu. Kikiharibika, hapakuwa na kuka mwingine wa kubomolewa nyumba.

Mimi kila rangi iliposhindwa nilizidi kusisimka. Nilizunguka nyumba nzima nikipima vitu kwa macho: mchuzi wa nyanya, wino wa kalamu, majivu, damu ya kuku (kuku mwenyewe alinitazama akaondoka). Ndipo nikaiona lipstiki ya Senje Ayuma mezani. Senje ni dadake Baba, na wakati huo alikuwa amekuja kukaa kwetu kidogo. Lipstiki yenyewe ilikuwa nyekundu kama nyanya iliyoiva, na nilipoisugua kwenye kucha haikumwagika, haikukimbia. Nikaipeleka bandani mbio.

Baba aliigeuza-geuza. "Hii italeta vita humu ndani," akasema. Kisha akapaka.

Jamani, ilionekana! Nyekundu juu ya mvule, kama barabara ya murram katikati ya miwa. Baba akafurahi akaongeza, akaipaka nene kama anapiga lipu ukuta wa nyumba. Akalaza chuma, akatoa, na mfereji mzima ukawa mwekundu. Akakwangua kila penye wekundu. Akapaka tena, mwekundu tena. Akakwangua tena. Hatimaye akalaza chuma na chuma kikalia *kwata*, akakisukuma kwa kidole, nacho kikacheza.

Alikisukuma tena, kikacheza tena. Upande wa nyuma, palipotakiwa pabanane kabisa, palikuwa na mwanya uliotosha kupitisha kadi ya simu.

Afande akasimama. "Fundi, si ni kidogo tu? Mimi nimezoea kushikilia kwa nguvu."

"Keti," Baba akamwambia. Sijawahi kusikia neno dogo likiwa na uzito hivyo.

Ndipo Senje alipoingia akiitafuta mali yake. Akaitazama lipstiki, imebaki kisiki. Akanitazama mimi. Akatazama ile bunduki iliyopakwa midomo. Mimi nilishajiandaa kukimbia kupitia miguuni mwa Afande, lakini Senje akaanza kucheka, akacheka hadi akashika nguzo ya banda.

"Baba Mmbone," akamwita kaka yake kwa jina langu, "nani alikufundisha kupaka hivyo? Hata walevi wanapakanga vizuri kuliko wewe."

Akachukua kile kisiki, akajipaka midomo, akalibusu gazeti la kufungia misumari. Likabaki doa, doa tu jekundu, huwezi kujua ni mdomo au ni embe limepondwa. Akalibusu mara nyingine, mahali pengine, bila kuongeza rangi. Na hapo, wenzangu, palitokea mdomo wa Senje mzima, kila mkunjo, kila mstari, na hata kovu dogo alilopata utotoni kwa kuanguka kwenye mti wa mapera.

"Unaona? Ukijaza, inadanganya. Unabusu kwanza karatasi, ndiyo mdomo unasema ukweli."

Afande Shikuku alilitazama lile gazeti kwa namna ambayo hata mtoto wa darasa la tatu aliielewa. Senje akalikunja akalitia mfukoni. "Hiyo si ya serikali," akamwambia.

Baba akachukua ubanzi wa mvule ule ule, mwembamba kama ukucha, akaugundisha kwenye mwanya, akaacha ukauke, akaanza upya. Safari hii alipaka, akafuta chuma kwa gazeti hadi ungedhani hakuna kitu, ndipo akalaza. Alama zikatoka ndogo, nukta hapa, ukucha pale. Akakwangua nukta, akaacha pengine pote. Ilichukua muda mrefu hadi Afande akajifunza kupukuchua mahindi ya kuku wetu. Mwishowe chuma kiliingia chenyewe, kikatoa pumzi kama mtu aliyefika nyumbani, na Baba alipokigeuza juu chini, hakikuanguka.

Afande alipiga saluti, sijui kwa Baba au kwa Senje, akaondoka na bunduki yake begani.

Kwa miaka mingi nilisimulia hadithi hii kama kichekesho tu, askari aliyeenda choo na chuma, na bunduki iliyojipodoa. Nilidhani lile "keti" lilitokana na kizingiti cha kuka. Likizo iliyopita, tukiwa bandani, nikamuuliza Baba kama kweli angelia mbao ingeharibika.

Akacheka. "Mbao? Mbao ningenunua Kisumu. Afande angengoja."

"Sasa ulikasirikia nini?"

Akaendelea kupiga randa kidogo, kisha akasema, "Afande alikuwa akipiga risasi juu ya miti, awatishe wezi wa magogo. Juu tu. Lakini chuma kikicheza unywele mmoja hapa kwenye mbao, kule mbele risasi inahama upana wa mtu mzima. Na siku za ruhusa ya kuokota kuni, wanawake walikuwa mle mle msituni."

Kutoka jikoni nilimsikia Mama akivunja kuni kwenye goti lake, akiimba pambio la kanisani, akikosea maneno.

"Mama alikuwa akienda?" nikauliza.

"Kila ruhusa," Baba akasema, akapuliza vumbi kwenye randa.