Tusimamishe maombi juu ya ile sahani

Ndugu zangu, mwenye kukula kwa ile sahani, leo nimemuona na macho yangu.

Si pepo.

Munakumbuka bibi muzungu mwenye ninatunza hapa Woluwe? Hana paka. Lakini kila jioni anaweka chakula ya paka kwa sahani, chini ya miti nyuma ya nyumba. Mimi nikasema, bon, huyu analisha mizimu. Juma mbili nzima nilikuwa nairudilia kwa siri, ninamwaga yote kwa poubelle ya takataka, ninakemea kwa jina la Yesu.

Leo akaniita kwa dirisha. Kamunyama kadogo, miiba mugongo muzima kama nungu, lakini kanaenea mu mikono mbili. Hérisson, ndiyo jina yake. Kalikuwa kanalamba sahani tupu.

"Asubui ninakuta sahani tupu," bibi akasema. "Kanakula yote. Alors, mbona kanakonda hivi? Kanagonjwa?"

Mimi nikaangalia viatu vyangu.

Akanishika mukono: "Wewe ni muntu wa sala. Ukaombee."

Na nikaomba, ndugu zangu. Kwa sauti. Akasema amina.

Niambieni, kesho ninamuangalia na macho gani?