Kila Mkono Uguse

Wekesa aliingia mahakamani Kakamega akishikwa mkono na mama yake kama mtoto anayepelekwa kliniki. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, mkata miwa, mabega mapana, na pale macho yalipokuwa palipita kovu moja refu kutoka shavu hadi shavu. Panga la kukatia miwa ndilo lililopita hapo. Inspekta Ayuma, mwendesha mashtaka, alimsaidia kupanda kizimbani, akamwuliza ni nani aliyemkata.

Wekesa akageuza uso huku na huku. "Nilikuwa nimeanguka, wananipiga. Nikasikia mtu anasema nishikwe kichwa. Baada ya hapo sikuona tena."

Mshtakiwa, Mzee Makhanu, liguru, yaani mkuu wa mtaa, alikuwa hatua tatu kutoka hapo, amevaa koti lake la kanisani, anasikiliza kwa adabu. Adabu gani hiyo, jamani! Mtaa mzima kule Shirere ulijua kwamba panga lilikuwa lake na mkono ulikuwa wake.

Shida ni kwamba hakuna aliyetaka kusema, na sababu nitawaambia wazi. Mtaani kwao nduru ya mwizi ikipigwa, hutoki kutazama. Unatoka na kitu mkononi, na kila aliyefika lazima apige, hata mara moja, hata mwanamke mwenye mtoto mgongoni. Wakubwa husimama kando kuhakikisha. "Kila mkono uguse," ndivyo wanavyosema. Ujanja mtupu. Ukishagusa, utaenda kumshtaki nani? Asubuhi ile ya mwaka 1995 Wekesa aliposingiziwa wizi, waligusa watu kama arobaini, kwa ajili ya redio ambayo siku ya pili mwenyewe aliikuta chini ya kitanda chake.

Sasa huyu Ayuma. Alikuwa na miaka thelathini na mitatu. Aliingia polisi akiwa konstebo wa kawaida, akasoma sheria kwa vitabu vya kuazima, akapanda cheo, akapewa faili za mahakamani. Wenzake wanaume walimcheka, ati atashtaki wezi wa kuku. Akawaziba midomo. Wabakaji, wachoma nyumba, mabwana waliovunja wake zao mbavu, aliwapeleka jela bila hata kuinua sauti. Lakini faili ya Wekesa ilimkosesha usingizi. Hakimu alimpa wiki moja alete shahidi, la sivyo kesi itupwe. Na Makhanu akirudi nyumbani ameshinda, Wekesa hangemaliza mwezi, hilo kila mtu alilijua.

Akaenda Shirere mchana, kwa Nekesa, jirani yake Wekesa. Alimkuta anasonga obusuma, ugali wa mchana.

"Mama Mitchel, wewe ulikuwa karibu kabisa. Uliona."

"Niliona," Nekesa akasema bila kuacha mwiko. "Na nilimpiga, afande. Teke la mgongo. Makhanu alisimama hapo ananiangalia mpaka nikapiga. Nikisema, si mtanifunga na mimi? Watoto watakula kwa nani?"

Ayuma alikuwa na maneno matamu ya kutosha kwa mashahidi waoga. Siku hiyo yalimkinaisha. Akavuta kigoda, akakaa.

"Na mimi niligusa," akasema. "Kwetu Butere, nikiwa na miaka kumi na minne. Mtu alishikwa, ati ameiba ndama. Walimfunga kwenye nguzo, wakampiga mpaka mifupa ya mikono ikatokeza. Mama akanitia jiwe mkononi. Alikuwa ananiangalia, sikutaka aaibike, kwa hivyo nililenga sawasawa. Lilimpata hapa." Akagusa paji la uso. "Alikuwa anaomba maji. Baada ya jiwe langu hakuomba tena. Watu huniuliza kwa nini niliingia polisi. Nasemanga napenda sheria."

Nekesa akaepua sufuria, akaiweka chini.

"Nitakuja, dada," akasema.

Akaja kweli. Akapanda kizimbani akasema yote: jinsi Makhanu alivyoamuru wanaume wawili wakalie mikono ya Wekesa, jinsi Makhanu mwenyewe alivyomkandamiza kwa goti kifuani, akapitisha panga polepole kama anayechinja kuku. Mara ya kwanza liliingia jicho moja tu. Akarudia. Mama yake Wekesa alitolewa nje.

Ndipo akasimama wakili wa Makhanu, Bwana Kiplagat, mtu wa tabasamu.

"Mama, miezi mingi ulikataa kusema. Inspekta alikuahidi nini?"

"Hakuniahidi kitu."

"Basi nini kilikubadilisha?"

Nekesa hakujua kupindapinda maneno. "Aliniambia na yeye alipigaga mtu Butere. Huyo mtu akafa."

Kiplagat akamgeukia hakimu. "Mheshimiwa, ama shahidi huyu ni mwongo na ushahidi wake wote utupwe, ama mwendesha mashtaka wetu ni muuaji. Inspekta atuambie ni lipi."

"Inspekta, hulazimiki kujibu," hakimu akasema.

"Hapana" ni neno fupi, na miaka yote ya kazi ya Ayuma ilikuwa inalisubiri. Akamtazama Wekesa, aliyekuwa ameinamisha kichwa upande ambao sauti yake ingetokea.

"Shahidi amesema kweli, Mheshimiwa."

Mwenzake Ayuma ndiye aliyeimaliza kesi. Nekesa alirudi kwa watoto wake bila kushtakiwa. Makhanu alifungwa miaka saba. Saba kwa macho mawili! Pigeni hesabu wenyewe, mimi nikipiga hasira inanipanda. Ayuma hakungoja kufukuzwa. Alirudisha kofia na mshipi, akavaa gauni la kawaida, akaenda Butere kwa miguu yake mwenyewe, akasimama mbele ya kaunta ya kituo cha polisi.

Konstebo alifungua kitabu. Mlalamishi, akaandika Ayuma. Mshtakiwa, akaandika Ayuma, akamtazama mara mbili. Halafu akauliza, "Marehemu aliitwa nani?"

Ayuma akafungua mdomo. Kamba aliikumbuka, na nzi, na shati lililoraruka begani, na sauti ile ikiomba maji. Jina hakulijua. Siku ile hakuna aliyekuwa ameuliza, na miaka kumi na tisa yote iliyofuata hakuwahi kuuliza.

"Siwezi kufungua kesi ya mtu ambaye hana jina, mama," konstebo akasema kwa upole.

Ayuma akatoka nje kwenda kulitafuta nyumba kwa nyumba, na mlango wa kwanza aliobisha ulikuwa wa mama yake.