Vidole Viwili vya Mama Pascasie

Mama Pascasie hakuwahi kuogopa kitu chenye magurudumu mpaka alipopata pikapu yake mwenyewe. Miaka mingi alipeleka ndagala kavu, vile visamaki vya ziwa, Nyunzu kwa malori ya watu, analala juu ya magunia na kutukanwa na mashofa. Sasa, katika Kalemie ya Zaire, ambapo hata matajiri walisukuma magari yao kila asubuhi, yeye alikuwa na Toyota mpya, nyeupe, pua imeinama kama bata anayekunywa maji ya ziwa.

Shida ilikuwa tumbo. Malori yalikuwa yamechimba njia ya Nyunzu pande mbili, yakaacha mgongo mgumu katikati, na gari lililokaa chini lilipasuliwa hapo likamwaga oili yote. Lazima pikapu inyanyuliwe. Kiasi gani, hapo njo kulikuwa na kesi.

Akaenda kwa Norbert, fundi wa karibu na reli. Karatasi za serikali, iliyokataza majina ya kizungu, zilimwita Banza. Gereji nzima ilimwita Norbert.

"Weka vipande vya chuma kwenye resori za magurudumu, mbele na nyuma," Mama akasema. "Vidole viwili tu. Sitaki twiga."

"Vidole viwili, Mama. Nimesikia."

Kusikia alisikia. Lakini Mama Pascasie aliuza pia mawese, na muuza mawese akisema vidole viwili, anavilaza kwenye chupa, anapima unene wao. Norbert hakuwa muuza mawese. Yeye alivisimamisha, kimoja juu ya kingine.

Siku ya safari magunia yaliletwa gereji. Mama alipoiona pikapu, alishika kiuno.

"Norbert, umenijengea nyumba ya etaji?"

"Vidole viwili, Mama!" Akavionyesha kama shahidi mbele ya hakimu.

"Hivyo ni vidole ao ni miguu ya korongo?"

Sisi abiria wake tulicheka peke yetu. Mama alikuwa anatazama juu. Mawingu yalikuwa meusi kama masufuria ya matanga.

"Ukishusha, utamaliza lini?"

"Kesho jioni."

Bashi letu la kufunika mizigo lilikuwa na matundu kama chandarua. Mtaji wake wote ulikuwa ndani ya magunia yale. Ndagala zikilowa zinaota funza, na muntu hanunui funza.

"Pakieni," akasema.

Emile, mdogo wake, aliyemwita Yaya kama dada mkubwa, ndiye aliyeshika usukani. Mgongo wa njia ulipita chini ya tumbo bila kugusa, lakini kila kona pikapu ilisita, ikayumba, ikafikiri, halafu ikarudi. "Yaya, gari hii ina kizunguzungu," Emile akasema. Philomène, abiria mwenzangu juu ya magunia, alikuwa amemaliza watakatifu wote na ameanza upya.

Karibu na Nyunzu tukakuta njia imeanguka upande mmoja, inalalia korongoni. Shuleni kitu hicho kinaitwa kitovu cha uzito. Juu ya magunia kinaitwa Mama nakufa.

"Shukeni wote!" Mama akaamuru. "Shikeni ubavu wa juu, ning'inieni kama popo. Wanene mbele!"

"Basi tangulia wewe, Mama," Philomène akasema, na Mama akatangulia kweli, akakanyaga chuma cha pembeni na mgongo wake wote ukavuta nje.

Emile akaingiza gia. Gurudumu la upande wetu likanyanyuka. Niliona mwanga chini yake. Magunia yakalia.

"Usisimame, Emile! Ukisimama tumeisha!"

Gurudumu likashuka, likauma udongo, tukavuka.

Emile akafungua mlango. "Panda, Yaya."

"Sipandi. Nenda na ndagala zangu, zikae chini ya bati la stesheni ya Nyunzu. Isije ikaanguka mbele, afadhali uzito upungue."

"Na mimi nikianguka nayo?"

"Wewe ruka. Ndagala haziwezi kuruka."

Akaondoka polepole, pikapu inatikisa kichwa. Sisi tukafuata kwa miguu, na matone ya kwanza yakatupiga mgongoni. Mvua ilituloanisha mpaka mifupani. Mama Pascasie alitembea bila kujifunika kichwa, anatazama alama za matairi zikijaa maji, mpaka tulipoona stesheni na magunia chini ya bati, yote, makavu.