Magoti ya Agathe

Siku ya kwanza ya masomo, Agathe alipoingia ukumbini, sisi wanafunzi wapya wa sheria tulisimama wote. Tulidhani ndiye mwalimu. Alikuwa amevaa kitenge cha bluu, mfuko wa ngozi chini ya kwapa, na umri wake ulikuwa wa kufundisha. Alituangalia, akageuka kuona kama kuna mtu anayekuja nyuma yake, kisha akapanda hadi benchi ya tatu na kuketi kando yangu.

"Mukae," alisema. "Na miye niko bleu."

Bleu ndilo jina la mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hapa Bukavu. Yeye alikuwa bleu mwenye miaka arobaini na moja, sisi wengine hata ishirini tulikuwa hatujafika.

Watu wanapenda kusema kwamba mwaka wa kwanza wa chuo kikuu ni mwaka wa kujijua. Padri alituambia hivyo kwenye misa ya kufungua masomo, na wajomba wanatuambia hivyo, waliomaliza na waliofukuzwa. Wasichosema ni kwamba wapo wengi wasiotaka ujijue, kwa sababu wanakuhitaji jinsi ulivyo. Mimi, Noëlla, nina hasira za karibu, na mambo waliyomfanyia Agathe bado yananiwasha. Nitayasimulia nilivyoyaona kutoka benchi ya tatu, na asiyependa afunge masikio.

Agathe aliishi Cimpunda, kule ambako nyumba zimepandana mlimani na maji ya mvua ya jirani yanapita mlangoni kwako. Alipata diploma ya sekondari akiwa msichana, akaolewa na Patrice, fundi wa umeme, akazaa watoto watatu na kushona nguo za watu nyumbani. Kifungua mimba wake, Gloire, alipokaribia mitihani ya mwisho ya sekondari, mama alikaa naye mezani kumsaidia. Gloire akachoka, akaenda kulala. Agathe akabaki na kitabu. Baada ya majuma machache alimwambia Patrice kwamba anataka kwenda chuo kikuu. Patrice alikuna kichwa, akasema sawa, lakini ajaribu mwaka mmoja tu. Akianguka, atarudi kwenye cherehani na asiongee tena habari hiyo.

Sasa, Cimpunda haikumjua Agathe kwa kushona. Ilimjua kwa magoti. Kwetu, jambo likiharibika, hutafutwa mama mwenye heshima akaombe pardon. Anavua viatu mlangoni, anapiga magoti, anapiga makofi ya polepole, anamwita mkosewa "papa" hata kama ni kijana aliyeota ndevu jana. Mwanamume mwenye adabu hawezi kumwacha mama chini kwa muda mrefu, atasamehe tu. Agathe alikuwa na kipawa hicho. Patrice alipogombana na tajiri wake na kufukuzwa kazi, Agathe ndiye aliyekwenda kupiga magoti, na Patrice akarudishwa. Gloire alipofukuzwa shuleni, hivyo hivyo. Majirani walipoona hivyo wakaanza kumwazima kama sufuria kubwa ya sherehe. Mwenye nyumba amekasirika, aitwe Agathe. Wakwe wamenuna, aitwe Agathe.

Alinisimulia hayo tukila mkate na avokado nje ya ukumbi, akicheka. Mimi sikucheka sana.

Na sisi, wasomi wa kesho, tulimfanyaje? Tulimfanya Maman. Jina la mwanafunzi likikosekana ofisini, aende Maman, wale watu wa ofisi hawawezi kumfokea mama. Kuna msiba wa mwenzetu, Maman atasema maneno ya pole. Alikuwa akirudi anakuta somo limepita, anaketi na kunakili daftari langu, na mwandiko wangu hata mimi hunishinda. Alifanya hivyo miezi kadhaa bila kulalamika.

Kisha tukafika kwenye habari ya mbuzi.

Somo la kuanza sheria tulifundishwa na Zagabe. Hakuwa bado profesa kamili, lakini alipenda kuitwa hivyo na sisi tulimwita hivyo, maana jina halina gharama. Alikuwa na mfano mmoja tu. "Mbuzi ya Benoît imekula maharage ya Aloys. Nani atajibu?" Juma baada ya juma, mbuzi yule yule, maharage yale yale. Tulijifunza kweli, sikatai. Lakini siku moja alipoingia tu, kabla hajaweka mfuko wake mezani, kutoka benchi za nyuma akalia mbuzi. Mlio mrefu, uliofanywa kwa ustadi. Ukumbi mzima uliangua kicheko, na mimi nikiwemo.

Zagabe hakupaza sauti. Alisimama na shati lake lililopigwa pasi, akangoja tumalize.

"Sitarudi hapa," alisema, "mpaka hii promotion, darasa nzima, ikuje kuniomba pardon. Pardon ya kweli. Bila cours, hakuna examen. Bila examen, munarudia mwaka wote."

Akatoka. Kicheko kilikufa pale pale.

Aliyelia ni Marcellin. Kila mtu alijua, maana sauti hiyo alikuwa akitufanyia uwanjani kila mchana. Lakini baba yake ni mtu wa ofisi kubwa, na yeye mwenyewe ana ulimi mkali, kwa hiyo hakuna aliyemtaja. Kiongozi wetu wa darasa, Gentil, kijana mpole kutoka Mudaka, alikwenda mbele akifuta jasho.

"Tutume Maman Agathe," alisema.

Wakapiga makofi. Walifurahi kama watu waliopewa dawa. Agathe akasimama.

"Nitaenda kumuambia nilikosa nini? Miye sikulia."

"Haiko weye, maman," Gentil alimjibu. "Ni juu yetu sisi bote. Unajua, mukubwa ni jalala."

"Hii jalala imejaa, Gentil. Mutafute ingine." Akageuka, akaangalia benchi za nyuma. "Mwenye alilia iko humu. Iko na magoti mbili kama zangu, namuonaka anacheza nayo mupira."

Akaketi. Wengine walianza kupiga miluzi, wengine walisema "aah, maman" kwa sauti ya mtoto aliyenyimwa chakula. Agathe aliinamia daftari lake. Akaninong'oneza bila kuniangalia.

"Noëlla, sikujuaka kama naweza kusema hapana. Nilisikia ile sauti, nikafikiri ni ya mutu mwingine."

Nilijivunia kukaa kando yake. Lakini kujivunia hakukumsaidia kitu, maana darasa lilimgeuka. Walimtoa kwenye kikundi cha simu ambako habari zote za masomo hupitia. Walisema ana majivuno, kwamba ni mama mzee aliyekuja kuchukua nafasi ya vijana, kwamba kwa kiburi chake watu wataanguka mwaka. Hakuna aliyesema wataanguka kwa mbuzi wa Marcellin. Na Agathe ndiye aliyekuwa na mengi ya kupoteza kuliko sisi. Sisi tungerudia mwaka, tungelia kidogo, baba zetu wangefoka. Yeye, cherehani ilikuwa inamngoja.

Hata nyumbani hakupumzika. Patrice alimwambia, "Ni magoti tu, Agathe. Haiumi."

"Inaumaka," alimjibu. "Hukuniulizaka."

Aliniambia kwamba Patrice alitoka kwenda kuangalia taa ya jirani ambayo haikuwa na ubovu wowote.

Majuma mawili yakapita bila somo. Kisha Gentil akatangaza kwamba Profesa amekubali kuja kupokea pardon. Hakusema nani ataiomba. Tulipoingia, tulimkuta mbele, karibu na meza, mama mmoja wa umri wa Agathe, kitenge kimefungwa vizuri, udongo mwekundu wa shamba umekauka kwenye miguu, kapu la viazi vitamu pembeni. Aliitwa Emérence, mama yake Gentil. Mwanawe alikuwa amemtoa Mudaka asubuhi ile.

Zagabe aliingia, akasimama mbele ya meza na kukunja mikono. Mama Emérence alivua viatu, akashuka taratibu mpaka chini kwenye saruji, akaanza kupiga makofi.

"Papa Profesa, usamehe mutoto wangu. Ni miye nilikosa, sikumufunza adabu. Usimuharibie mwaka. Sina mwingine wa kunisaidia."

Hapo tukaelewa. Gentil alimwambia mama yake kwamba ni yeye aliyelia. Angemwambia ukweli, mama yule asingeacha shamba lake wakati wa palizi kuja kuombea mbuzi wa watu. Gentil alikuwa akiangalia sakafu. Zagabe alikohoa kidogo, wala hakumwinua. Alimwacha aendelee, na nadhani alifurahia.

Agathe akainuka. Alinipita, akashuka ngazi. Nilifikiri, basi, wamemshinda, anakwenda kupiga magoti pamoja naye. Alipofika aliinama, akamshika mama Emérence mkono.

"Simama, mama. Mutoto wako hakukosa kitu."

"Uniachilie," Emérence alisema, akijivuta. "Utamuharibia mwaka."

"Haiko yeye alilia. Umuulize, ule pale."

Emérence aligeuza kichwa akiwa bado chini. "Gentil. Ni weye ulilia?"

Gentil alitikisa kichwa kwamba siye.

"Sasa ulinitoa ku shamba juu ya nini?"

Mama yule hakungoja kuinuliwa. Aliuachia mkono wa Agathe, akasimama mwenyewe, akapangusa vumbi kwenye magoti. Zagabe akaona mambo yanamponyoka.

"Na weye, maman," alimwambia Agathe, "unajiingiza na nini? Rudia ku nafasi yako."

"Narudia, Profesa. Lakini weye mwenyewe ulitufunza. Mbuzi ya Benoît ikikula maharage ya Aloys, ni Benoît anajibu. Hukusemaka tutume mama wa jirani."

Kama kuna siku nimeisikia mvua ya Bukavu juu ya mabati, ni siku ile. Zagabe alivua miwani, akaivaa tena.

"Tutaonana ku examen," alisema.

"Tutaonana," Agathe alijibu, na akabaki amesimama pale pale.

Mama Emérence alitugeukia. Hajawahi kukaa kwenye somo letu hata moja, lakini Mudaka mbuzi wanakula maharage kila mwaka, hakuhitaji kufafanuliwa.

"Mwenye mbuzi iko wapi?"

Hakuna aliyetaja jina. Vichwa ndivyo vilivyogeuka, kimoja kimoja, na changu kikiwa cha kwanza, mpaka Marcellin akabaki bila mahali pa kuangalia. Aliinuka. Ngazi zile ni chache, lakini alizishuka kama mtu anayeteremka mlima. Alipofika mbele ya meza alianza kukunja magoti, na nilitamani ayakunje, sitasema uongo. Agathe alimzuia.

"Hapana. Sema umesimama, tusikie bote."

Akasema. Sauti ile iliyojua kulia mbuzi ilitoka imekauka. Alisema ni yeye, alifanya kwa mchezo, anaomba pardon kwa Profesa na kwa mama Emérence. Zagabe angefanya nini? Alikuwa ametaka pardon ya kweli, akaletewa. Alifungua mfuko wake, akatuambia tuandike. Mama Emérence alivaa viatu, akachukua kapu lake la viazi vitamu, lile alilomletea Profesa, akajitwika na kutoka nalo. Agathe alirudi benchi ya tatu, akaandika somo lote kwa mkono wake mwenyewe.

Mitihani ikafika. Agathe alilijua somo la Zagabe kuliko sisi sote. Jioni za kurudia masomo ndiye aliyekuwa akinieleza, na Gentil naye alianza kuja, kwanza kwa aibu, baadaye na maswali. Matokeo ya somo hilo yalipobandikwa ukutani, tulisukumana kusoma. Mimi nilipata kumi na tatu juu ya makumi mawili. Marcellin alipata kumi na nne. Agathe alipata kumi kamili, ile ya kupita tu, isiyozidi hata nusu.

Damu ilinipanda kichwani. Nilitaka kwenda kugonga mlango wa Zagabe siku ile ile. Lakini wenzangu walikuwa na shauri lingine, na ndilo lililonikera zaidi. Wale wale waliomtoa kwenye kikundi walimzunguka kwa huruma. Maman, uende umuone, hizo points alikuibia. Umuongeleshe muzuri tu, ule mwanaume iko na roho, ataongeza. Weye unajuaka namna ya kuongea. Gentil alisema atamsindikiza mpaka mlangoni.

Agathe aliweka kidole juu ya jina lake ukutani, akakivuta taratibu mpaka kwenye namba.

"Kumi inapitisha?" aliniuliza.

"Inapitisha."

"Basi siendi. Zile zingine abakie nazo. Hii niliipata nimesimama."