Alichokikuta Mama Nelly ndani ya giaboksi

Saa moja na nusu asubuhi, upepo wa ziwa bado haujachangamka. Scolastika Bujiku amechuchumaa mbele ya beseni la maji, mkono mmoja umeshika pampu ya baiskeli, mwingine unabana mpira aliouchomeka kwenye tundu la oili. Ndani ya maji imezama giaboksi ya injini ya boti, ile sehemu ya chini kabisa inayozungusha propela.

Anapiga pampu mara tatu, anatulia, anatazama. Povu dogo linapanda kutoka ubavuni mwa shafti.

"Unaona? Hapo ndipo inapohemea," anasema bila kuinua kichwa. "Ikitoa hewa, itaingiza maji. Maji yakiingia, gia zinasagika, boti inakufia katikati ya ziwa na watu wako ndani."

Scolastika, 41, ambaye hapa kila mtu humwita Mama Nelly, ni fundi wa injini za boti katika mwalo mdogo, bandari ya wavuvi, jirani na Nkome, mkoani Geita. Kubadilisha sili za giaboksi, vile vipete vya mpira vinavyozuia maji, hutoza Sh35,000, na zaidi ya nusu huishia kwenye vipuri anavyoagiza Mwanza. Kwa wiki hupata injini tatu, wiki ikinyooka nne.

Lakini siku hizi watu wa mwalo wakimtaja, hawataji bei zake. Wanataja Jumanne moja ya mwezi Machi, siku alipofungua giaboksi ya Feisal.

Feisal ni kijana mfanyabiashara mwenye boti inayovusha abiria na dagaa kwenda na kurudi visiwani. Injini yake ilikuwa imeletwa kwa Mama Nelly mara mbili ndani ya wiki tatu, na mara zote mbili alibadilisha sili. Jumanne ile ikarudi mara ya tatu, imebebwa begani na nahodha wake, Onesmo. Feisal alikuja nyuma, uso umefura.

"Shikamoo, Mama Nelly. Lakini leo sitaki maneno," alisema mbele ya wateja. "Ama kazi huijui, ama unanila."

"Marahaba, baba. Kaa hapo uone kwa macho yako," alimjibu. "Nikishindwa leo, hii kazi naiacha."

Anakiri kwamba maneno yale yalimchoma. Alifungua bolti ya chini, oili ikatoka nyeupe na nzito, kama chai ya maziwa. Maji yalikuwa yamejaa ndani. Akavua propela, akachomoa sili. Zilikuwa nzima, mpya kama alivyoziweka siku tisa kabla.

Kilichoharibika ni chuma chenyewe. Kuzunguka pale sili inapokaa, gamba la alumini la giaboksi lilikuwa limeota manyoya meupe, laini, kama pamba inayochungulia kwenye kifuko chake. Mara mbili za kwanza aliona unga mweupe kidogo tu, akaufuta kwa tambara akidhani ni uchafu wa ziwa. Sasa aligusa kwa ncha ya bisibisi, na chuma kikamong'onyoka kama biskuti iliyolowa.

Kisha kikadondoka kijitone kimoja. Kiling'aa, kikabingirika ndani ya beseni, kikagawanyika viwili, vikakimbizana na kuungana tena.

"Nilikifahamu kabla akili yangu haijakitaja jina," anasema. "Nilirudi nyuma nikaanguka kwa makalio. Watu wakadhani nimeumwa na nyoka."

Ilikuwa zebaki.

Scolastika alizaliwa Samuye, Shinyanga. Akiwa na miaka 19 alikwenda kutafuta maisha kwenye machimbo ya wachimbaji wadogo upande wa Nyarugusu. Kwa miaka sita alichenjua dhahabu, akikoroga zebaki na tope kwa mikono mitupu, kisha akiichoma kwenye jiko lilelile alilopikia ugali.

"Hakuna aliyetuambia kitu. Tulikuwa tunachezea vile vitone, tunacheka."

Mimba mbili ziliharibika. Mikono ikaanza kutetemeka hata akishika kikombe. Daktari alimwambia hawezi kuapa kwamba ni zebaki, ila akamsihi: "Dada, toka huko." Akatoka, akaja ziwani, akauza chai karibu na banda la fundi mzee aitwaye Athanas. Ni Athanas aliyemkabidhi spana, baada ya kuona kwamba muuza chai huyo huliona povu kwenye beseni kabla yake. Mikono ilitulia polepole. Nelly, mwanawe wa pekee, alizaliwa mwaka wa pili wa maisha hayo mapya.

"Nilijua nimeikimbia," anasema. "Miaka kumi na tano! Halafu inanidondokea ndani ya beseni langu, huku ziwani."

Jumanne ile alisimama, akawafukuza watoto waliosogea kutazama, akafunika beseni kwa bati. Ndipo akauliza: "Hii injini imelazwa wapi?"

Feisal alikuwa ameduwaa. Hasira zote zilikuwa zimemtoka. "Zebaki? Kwenye boti yangu?" Alimgeukia nahodha wake.

Onesmo alikaa chini mchangani taratibu.

"Ni mimi," alisema.

Alisimulia kwamba kwa miezi kadhaa alikuwa akiwavushia watu chupa za zebaki za kupeleka machimboni, kwa ujira wa Sh10,000 kwa chupa, bila kibali na bila tajiri wake kujua. Siku moja chupa ilipasuka ndani ya boti. Injini ilikuwa imefunguliwa na kulazwa humohumo kwa kuogopa wezi, giaboksi ikalala juu ya kile kilichomwagika. Pale mawe ya ufukweni yalipokuwa yamekwangua rangi, zebaki ikapata mlango, ikaanza kula alumini.

"Nilimwagia ndoo tatu za maji nikakumba nje," alisema. "Nilidhani imeisha. Sikujua imeingia chini ya mbao."

Justa, mama anayekaanga samaki jirani na banda, ndiye aliyeuliza swali ambalo wengine hawakuwa wamelifikiria. "Baba, hayo maji uliyakumbia wapi?"

Onesmo alinyoosha mkono. Alionyesha penye mawe, mahali wanawake wote wa mwalo wanapochota maji ya kunywa.

"Mayu! Mama yangu wee! Ni maji tunayowapa watoto," anakumbuka Scolastika. "Halafu yeye mwenyewe akashika kichwa, akasema, 'Mke wangu huchota hapo.' Akaanza kulia. Ni kama alikuwa hajawahi kulifikiria mpaka aliposikia sauti yake."

Mchana huohuo Feisal mwenyewe aliwapigia simu maofisa wa mazingira. Walifika kesho yake, wakachukua sampuli za maji, wakaing'oa sakafu ya boti na kuondoka nayo pamoja na giaboksi. Kwa wiki tano wanawake walichota maji mbali, mwendo wa dakika arobaini. Majibu yalipokuja, waliambiwa maji ya penye mawe hayajavuka kiwango cha hatari, ila yatapimwa tena. Wengi hadi leo hawapasogelei.

Onesmo alitozwa faini mahakamani na kupoteza kazi. Feisal alirudi kwa Mama Nelly akiwa na kilo mbili za sukari na kichwa chini. "Nilikuita mwizi mbele za watu," alimwambia. "Nimekuja kukuomba radhi mbele za watu."

Tangu hapo Scolastika hagusi giaboksi bila glavu. Sasa anadunduliza fedha za kumwaga zege kwenye banda lake, liwe na karo la kukinga oili chafu isitiririke ziwani. Sakafu ikikauka, atawaita manahodha kila Jumamosi, awaonyeshe kipande cha video alichokipiga kwa simu, cha chuma kile kikimong'onyoka.

Wiki iliyopita alimfuata Onesmo nyumbani kwake, akamwomba aje azungumze Jumamosi ya kwanza.

"Mimi nikisema, wataona nawatafutia kesi," alimwambia. "Wewe ni mwenzao."

Onesmo alimtazama mkewe.

"Watanicheka, Mama Nelly."

"Wacheke," alimjibu. "Mradi watoke pale wakiwa wamesikia."

Amekubali. Mifuko sita ya saruji tayari imepangwa bandani. Bado minne.