Viganja kwenye Ubao wa Nasoro

Mustafa alifariki mwaka 1970, na kosa lilikuwa la kwake mwenyewe.

Alikuwa mkamuaji mawese hapa Rumonge. Tangu uhuru, kila tarehe mosi Julai, alikimbia mbio za kutoka Minago hadi sokoni kwetu. Hakuwahi kushinda. Mbio zetu hazikuwa na kombe: aliyefika alichovya mkono kwenye sahani ya mawese, akagandamiza kiganja kwenye ubao wa Nasoro, muuza chumvi. Adhuhuri ikiadhiniwa, Nasoro aliondoa sahani, na aliyekuwa bado njiani alikwenda kuoga ziwani kama watu wengine. Mustafa alikuwa na viganja vinane, 1962 mpaka 1969.

Kisha akaota kidonda kwenye unyayo wa kushoto. Bujumbura madaktari walikiita kansa, wakamkata vidole vitatu na nyama ya pembeni. Wodini hakukuwa na wa kumfulia, kwa hiyo alifunga nguo zake kwenye kitenge, akampa dereva wa lori amfikishie mkewe Aziza. Ujumbe hakutuma. Mtu mzima, mwenye akili zake! Rumonge nzima inajua maana ya nguo za mgonjwa kurudi bila mwenyewe. Aziza akakaa eda. Tukasoma hitima, tukala pilau, nzuri tu. Nasoro akachora mstari wa mkaa chini ya kiganja cha mwisho cha Mustafa.

Wiki ya tano marehemu akashuka kwenye lori na fimbo, akauliza kama nguo zimekauka.

Aziza alimsamehe baada ya siku tatu. Nasoro hakuwa na haraka. Kila Mustafa alipomwomba aufute mstari, alijibu, "Ndugu yangu, pilau yako nilisha kula. Nitairudisha namna gani?"

Mwaka uliofuata Mustafa akaja kwangu, maana mimi ndiye fundi viatu.

"Nitakimbia," alisema. "Munganga wa Bujumbura anasema niko muzima. Aziza anasema niko muzima. Imebaki Nasoro tu. Nataka aufute ule mustari na mukono wake."

Nilimtukana kidogo, kisha nikajaza sufi kwenye kiatu cha kushoto, mahali pa vidole, na kukitia soli ya tairi.

Tarehe mosi Julai 1971 wenzake walifika mapema, Lukeba mvuvi akiwa mbele. Walichovya, wakagandamiza, wakaenda kula. Jua lilipanda. Nasoro alikaa karibu na sahani, anatazama barabara na kusema hatazami. Muadhini alipoanza, Mustafa alitokea kwenye kona, anachechemea, kiatu changu mkononi. Adhana ikaisha. Mkono wa Nasoro ulikuwa kwenye sahani, lakini haukuinuka.

"Ondoa basi," mtu alisema.

"Iko nzito," alijibu Nasoro.

Mustafa akafika, akachovya, akagandamiza. Nasoro akalowesha kidole kwa mate, akafuta mstari. Mimi nililia, na sioni haya kusema.

Mwishoni mwa Aprili 1972 mauaji yakaanza huku kwetu. Wengine walivuka ziwa kwa mitumbwi. Lukeba hatujui alikokwenda. Nasoro aliitwa asubuhi moja, akafunga duka, akafuata waliomwita, na hakurudi. Mkewe Chausiku alimwomba Mustafa aje kusoma hitima.

"Nguo zake zilirudi?" Mustafa aliuliza.

"Hapana."

"Basi bado. Tungoje, shemeji."

Julai mosi hakukuwa na mbio. Mustafa aliutoa ubao dukani kwa Nasoro, akauegemeza ukutani, akamimina mawese kwenye sahani. Tulikaa wawili tu, tukitazama barabara ya Minago. Hakupita mtu. Adhuhuri ikaadhiniwa mpaka mwisho.

"Ondoa sahani," nilimwambia, "twende tukaswali."

Mustafa aliweka mkono juu yake.

"Iko nzito," alisema.